Kanuni ikivunjwa, nani atalipa?

Majuma matatu yaliyopita jirani yangu mmoja alibisha mlango wangu saa tatu za usiku. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa ameshika karatasi ya dhamana ya polisi, na uso wake ulikuwa umesawijika kama wa mtu ambaye hajalala siku mbili.

Kisa chake ni hiki. Mkewe, aliyekuwa na mimba ya kwanza, alishikwa na uchungu wakiwa mjini jioni, mvua ikinyesha. Wakaingia garini kuelekea hospitali iliyo karibu na kwao, na Barabara ya Jogoo, kama ijulikanavyo, ilikuwa imefungana. Mama analia, magari hayasongi. Jirani yangu akavuka ukingo wa katikati ya barabara akaendesha gari kinyume, akikabiliana uso kwa uso na matatu zilizokuwa zikienda mjini. Aliwasha taa zote na kupiga honi mfululizo. Mwendeshaji mmoja wa bodaboda ilimbidi ajitupe mtaroni ili asigongwe. Polisi waliwasimamisha mbele kidogo, wakaona hali ya mama, wakawasindikiza hadi hospitalini. Kisha wakarudi kumchukua bwana.

Sasa alitaka mambo mawili kwangu. La kwanza, nimwandikie barua ya kupeleka mahakamani kwamba mkewe alikuwa karibu kufa. La pili aliliuliza akiwa tayari amesimama kuondoka: "Daktari, kusema kweli, nilikosea?"

Habari ya barua nitairudia baadaye. Swali lake la pili ndilo limenifanya niandike makala haya, maana nimeulizwa jambo hilohilo kwa sura nyingine mara nyingi sana katika miaka ishirini ya kazi hii, na wauguzi, matabibu vijana na wagonjwa wenyewe.

Sisi wakazi wa mijini tumezoea kuvunja kanuni kiasi kwamba hatuoni tena kuwa tunazivunja. Tunanunua antibiotiki dukani bila karatasi ya daktari, na tukipata nafuu siku ya tatu tunaweka vidonge vilivyobaki kabatini vije vimtibu mjomba. Jumatatu asubuhi tunaomba karatasi ya mapumziko ya ugonjwa kwa sababu ya harusi ya Jumamosi. Kila mmoja ana sababu yake, na ukiisikiliza sababu hiyo peke yake, ni nzuri. Upande wa pili wapo wale ambao wakishasema "hiyo ndiyo sheria" wanahisi wamemaliza kufikiri, hata kama mbele yao kuna mtu anayetokwa na damu. Nimewahi kuwa katika makundi yote mawili.

Mwaka wa 2007, nikiwa nina miaka miwili tu tangu nimalize masomo, nilikuwa nikifanya kazi za usiku katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Nairobi. Karibu na dirisha la keshia palikuwa na tangazo: hakuna mgonjwa atakayelazwa wala kupasuliwa kabla ya kulipa dipositi. Usiku mmoja, yapata saa nane na nusu, aliletwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, amebebwa na shemeji yake pamoja na dereva wa teksi. Tumbo lilikuwa limekaza, midomo imepauka, mapigo ya moyo yakipita 130 kwa dakika, na shinikizo la damu likiwa chini mno. Alikuwa amekosa hedhi kwa majuma saba. Daktari yeyote akiona hayo huwaza jambo moja kwanza: mimba imetunga nje ya nyumba ya uzazi, ndani ya mrija, na mrija umepasuka. Damu inamwagika tumboni. Hapo hakuna dawa ya kumeza wala sindano ya kumfikisha asubuhi. Ni kupasua na kufunga mahali panapovuja, basi.

Shemeji alikuwa na shilingi 3,000. Dipositi ya upasuaji ilikuwa shilingi 40,000. Mume alikuwa Nakuru kikazi. Keshia, mama mwenye heshima zake na asiye na roho mbaya hata kidogo, aliniambia, "Daktari, mimi nikigonga muhuri bila pesa, kesho sina kazi. Nina watoto wanne." Akanikumbusha njia ya kawaida, yaani kumwandikia mgonjwa barua aende hospitali ya serikali. Nilipiga hesabu ya kutafuta ambulensi, safari, na foleni ya huko. Saa moja na nusu, kama mambo yangekwenda vizuri. Mama yule hakuwa na saa moja na nusu.

Nilimwambia keshia asigonge muhuri wowote. Nikachukua faili, nikaandika saa, hali ya mgonjwa, kiasi cha pesa walichokuwa nacho, kisha nikaongeza kwamba nimeamuru apelekwe chumba cha upasuaji kabla ya malipo na kwamba uamuzi huo ni wangu. Nikatia sahihi. Nikampigia simu daktari mpasuaji na mtaalamu wa nusukaputi, nikawaeleza yote pamoja na habari ya pesa, kwa kuwa nao walikuwa na haki ya kujua wanaitwa katika jambo gani. Walikuja wote wawili, mmoja akinung'unika njia nzima. Tulitoa zaidi ya lita mbili za damu tumboni mwa mama yule. Aliishi.

Saa mbili asubuhi meneja aliniita. Nilitarajia kumkuta mtu katili, nikamkuta mtu aliyechoka. Alifungua daftari akanionyesha madeni ya wagonjwa waliotibiwa wakaenda zao, na akanikumbusha kwamba mwezi uliopita wauguzi walikuwa wamelipwa mishahara kwa kuchelewa siku kumi. Kisha akaniuliza, "Daktari, usiku wa leo wakija kumi kama huyo, tufanyeje?" Nilikosa jibu. Familia ile ililipa nusu ya deni kidogo kidogo. Nusu ya pili ilikatwa katika mshahara wangu kwa miezi mitano.

Sikusimulii haya ili unisifu, msomaji. Nataka uone kwamba tangazo lile halikubandikwa na shetani. Lilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa mishahara ya watu wanaoamka usiku kumtibu mgonjwa. Anayetaka kuvunja kanuni bila kujua iliwekwa kwa ajili gani ni kama anayeng'oa nguzo ndani ya nyumba kwa kuwa inamzuia kupitisha kochi.

Sasa nikuambie sehemu ambayo huwa siisimulii mbele ya wageni. Majuma mawili baada ya usiku ule, nilimwingiza mgonjwa mwingine bila dipositi. Alikuwa mzee mwenye ngiri, na ngiri yenyewe haikuwa imejinyonga. Ingeweza kungoja mwezi mzima au hata miwili, akachangiwe na jamaa zake au apangiwe siku katika hospitali ya serikali. Lakini alinieleza maisha yake kwa huzuni, nami nilikuwa bado nimejaa sifa za juzi, wauguzi wakiniita shujaa. Niliandika faili vilevile, kwa kalamu ileile. Meneja hakunigombeza. Alinitazama tu akatikisa kichwa, na alikuwa na haki. Kuvunja kanuni kuna ulevi wake. Mara ya kwanza nilikuwa nikimtazama mgonjwa. Mara ya pili nilikuwa nikijitazama mwenyewe.

Leo daktari kijana aliye zamu ya usiku hahitaji kuvunja chochote kwa ajili ya mama kama yule. Katiba tuliyoipitisha mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 ikafuata na kufafanua kwamba dharura ni pamoja na kuituliza hali ya mgonjwa na kumpangia safari ya kwenda anakoweza kutibiwa, na kwamba kituo chenye uwezo kikikataa kufanya hivyo kimetenda kosa. Yaani tendo ambalo mwaka wa 2007 lilinigharimu mshahara sasa ni wajibu, na mwenye kesi ya kujibu ni yule aliyebandika tangazo.

Hata hivyo, karatasi ni karatasi. Mwaka wa 2015, miaka mitano baada ya Katiba, Wakenya walishtushwa na habari za mtu aliyegongwa na gari hapa Nairobi akakaa ndani ya ambulensi kwa saa 18, akizungushwa hospitali hii na ile akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Alifariki. Mtu wa kwanza aliyesema "hapana" usiku ule huenda aliamini kwa dhati kwamba anafuata utaratibu, na wa pili vivyo hivyo.

Kwa hivyo, ukifika mlangoni pa hospitali na mtu mahututi ukaambiwa ulipe kwanza, usianze kupiga kelele wala kuvunja vioo. Sema kwa sauti iliyotulia kwamba hii ni dharura. Wakikataa, omba anayekataa aandike kwenye karatasi kwamba amekataa, aweke saa, jina lake na sahihi. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja mlango ukifunguka pale kalamu ilipotajwa.

Tena yapo mambo tunayoyaita sheria ambayo hayako katika sheria yoyote. Mfano unaoniuma zaidi ni wa watu walionajisiwa. Hadi leo napokea kina mama na wasichana waliopoteza siku nzima, na wengine siku mbili, kwa sababu mtu fulani aliwaambia hawawezi kutibiwa kabla ya kupata namba ya OB kutoka kituo cha polisi. Si kweli. Nenda hospitalini kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, ziitwazo PEP, lazima zianze kabla ya saa 72 kwisha, na kila saa inayotangulia ina faida. Dawa za kuzuia mimba baada ya tendo hufaa hadi siku tano, lakini nazo hufanya kazi vizuri zaidi zikiwahi. Usioge, usifue nguo, zitie katika mfuko wa karatasi uje nazo. Daktari atakupima, atachukua ushahidi na kuandika, na polisi na fomu ya P3 vitafuata. Hapa hakuna haja ya ujasiri wa kuvunja kanuni. Yatosha kuuliza, "Hiyo sheria imeandikwa wapi?"

Na kuna nyakati ambapo sheria ipo, imefuatwa neno kwa neno, na bado imekosewa. Mwaka wa 2010, huko Kapsabet, watu wawili waliokuwa wameacha dawa za kifua kikuu walishtakiwa na maafisa wa afya chini ya Sheria ya Afya ya Umma, na mahakama ikaamuru wawekwe gerezani miezi minane ili watibiwe. Nia ilikuwa kuwakinga wananchi. Lakini hebu fikiria, gereza lililosongamana, watu wanalala wamebanana, hewa haipiti. Hakuna mahali panapofaa zaidi kwa kifua kikuu kuenea. Walitolewa baada ya kama mwezi mmoja na nusu, na ikachukua hadi mwaka wa 2016 kwa Mahakama Kuu kuamua kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani kwa namna ile ni kinyume cha Katiba. Najiuliza mara kwa mara kama kulikuwa na afisa wa afya wa cheo cha chini siku ile aliyejua kwamba jambo lile halifai kitabibu, akanyamaza kwa kuwa kifungu kilikuwa wazi. Ningependa kuamini kwamba mimi ningesema. Sina hakika.

Nikifika hapa wengi hudhani ninawahubiria uasi. La, ngoja usikie kisa cha pili, ambacho kimenifundisha kuliko kile cha kwanza.

Yapata mwaka wa 2014, nikiwa tayari na kliniki yangu mwenyewe, mwalimu mmoja niliyekuwa nikimtibu siku nyingi alikuja na mdogo wake wa kike, msichana wa miaka 22 hivi. Mwalimu alikuwa na bima nzuri ya kazini. Mdogo wake hakuwa na kazi wala bima. Alikuwa na nimonia, homa kali, akihema kwa shida, alihitaji kulazwa. Mwalimu alifunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, "Daktari, tafadhali, mwandikie jina langu. Hakuna atakayejua. Wewe mwenyewe unatujua, si watu wa kuiba."

Nilijua kwamba ni kosa. Nilijua pia kwamba ni watu wema, kwamba kampuni ya bima ilikuwa tajiri, na kwamba mgonjwa alikuwa mgonjwa kweli. Nikaandika jina la dada mkubwa. Nilijiona nimetenda jambo la huruma, ndugu yake yule mama wa 2007.

Hospitalini walitoa faili ya zamani ya mwalimu, kwa sababu ndilo jina lililokuja. Faili ilisema mgonjwa huyu hana mzio wa dawa yoyote, na kwamba miaka miwili iliyopita alidungwa penisilini bila tatizo. Daktari wa zamu akaagiza penisilini. Yule binti aliwahi kufura uso na kutokwa na vipele mwili mzima alipopewa dawa hiyo utotoni. Muuguzi alimuuliza kama kawaida, "Una mzio wa dawa?" Naye, akiogopa kusema jambo lisilolingana na faili ya dada yake, akajibu hapana. Dakika chache baada ya sindano koo lilianza kufura na pumzi kukatika. Kilichomwokoa ni muuguzi yule, ambaye hakukimbia kumtafuta mtu. Alimdunga adrenalini pajani papo hapo. Alikaa siku tatu akipumulia mashine.

Dada yake alinipigia simu akilia, na hata wakati huo ombi lake la kwanza lilikuwa nisimwambie mtu. Nilimpigia daktari wa hospitali ile nikamweleza ukweli, maana kila dawa waliyokuwa wakimpa walikuwa wakimpa mtu mwingine. Bima ilikataa kulipa, kama ilivyostahili. Mwalimu alipewa onyo kazini, nami nikaandika barua ndefu ya kujieleza ambayo nakala yake bado ninayo.

Nimeviweka visa hivi viwili pamoja mara nyingi nikivitazama. Vyote viwili mgonjwa alikuwa mahututi, pesa hazikuwapo, na daktari akavunja kanuni kwa huruma. Tofauti ilikuwa nini? Kwa muda mrefu nilidhani ni bahati tu. Siku hizi sidhani hivyo. Usiku ule wa 2007 niliandika nilichofanya, saa niliyofanya, na jina la aliyefanya. Yeyote aliyemshika mgonjwa baada yangu alijua ukweli wote. Mwaka wa 2014 kosa lenyewe lilikuwa ni kuandika uongo. Lisingewezekana bila kuficha. Na aliyefichwa hakuwa bima peke yake, bali pia daktari wa zamu, muuguzi, na mwisho hata mgonjwa mwenyewe, ambaye alinyang'anywa sauti ya kusema "mimi naidhurika na dawa hii".

Isitoshe, mara ya kwanza gharama ilinirudia mimi mwenyewe, katika mshahara wangu. Mara ya pili nilichagua huruma isiyonigharimu chochote. Bima ingelipa pesa, na yule binti angebeba hatari. Kumbe nilikuwa na njia nyingine. Ningeweza kumwanzishia dawa palepale kwa mkopo, au nimpeleke hospitali ya serikali kwa jina lake halisi na barua nzuri, nikiandamana naye hata mlangoni. Njia hizo zingenila muda na pesa, ndiyo maana sikuziona.

Jina la mgonjwa si pambo la faili. Mwaka wa 2018 taifa zima lilisikia habari za mgonjwa aliyefunguliwa fuvu la kichwa katika hospitali moja kubwa ya umma, kumbe aliyekuwa na damu iliyoganda ubongoni ni mwingine, vitambulisho vilichanganywa. Anayetuudhi kwa kuuliza "jina lako nani?" mara ya tatu kabla ya upasuaji anafanya kazi ambayo damu ya mtu imekwisha kuilipia. Kampuni nyingi za bima sasa hudai alama za vidole, na watu wananung'unika. Mimi sinung'uniki tena.

Kuna kanuni moja ambayo sijawahi kuivunja na siombi nafasi ya kuijaribu. Kila mwezi, bila kukosa, hunijia bwana au bibi akitaka kujua majibu ya damu ya mwenzake. Huja na sababu zinazogusa moyo, na baadhi yao naamini wamekosewa sana. Sheria ya Ukimwi ya mwaka wa 2006 inakataza kutoa majibu ya mtu bila idhini yake. Kifungu cha 24 cha sheria hiyo kilichokuwa kikimruhusu daktari kumwarifu mpenzi wa mgonjwa kilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka wa 2015 kwa kuwa hakikueleweka vizuri. Lakini hata kisingebatilishwa, ningesita. Siri hii inamlinda mtu ambaye hayupo chumbani kujitetea. Nikiitoa leo kwa sababu nzuri, kesho mtaa utajua kwamba daktari huyu hutoa siri, na watu mia moja ambao sitawaona kamwe hawatakuja kupimwa. Nifanyalo ni kumwita mwenye majibu, tuzungumze mara moja, mara mbili, hata mara tano, hadi akubali kumwambia mwenzake mwenyewe au nikiwapo. Ni kazi ya kuchosha. Na ninamweleza kwamba anayemeza dawa zake vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenziwe, habari ambayo imefungua midomo mingi kuliko vitisho vyangu vya miaka ya nyuma.

Basi turudi kwa jirani yangu na barua yake.

Nilimwambia siwezi kuandika lolote kabla ya mkewe kukubali, kwa sababu ni habari za mwili wa mkewe wala si wake. Alishangaa, lakini akaenda kumwita. Mama alikuja na kichanga mgongoni, akakubali, na baadaye wote wawili wameniruhusu niandike kisa hiki hapa, nikibadilisha mambo machache wasitambulike. Nilisoma karatasi za hospitali. Alipofika, mlango wa kizazi ulikuwa umefunguka sentimita 4. Mtoto alizaliwa saa tisa baadaye. Hakuwa karibu kufa. Hata foleni ya Jogoo ingemfikisha.

Niliandika hivyo, pamoja na saa. Kisha nikaongeza jambo ambalo pia ni kweli, kwamba mtu asiye na elimu ya uzazi, akiwa na mke mwenye mimba ya kwanza anayelia ndani ya gari, hana njia ya kujua kama zimebaki saa tisa au dakika tisa. Jirani alisoma barua mara mbili, akasema haimsaidii.

Nilimuuliza kama amemtafuta yule kijana wa bodaboda aliyejitupa mtaroni. Hakuwa amemtafuta. Hakujua hata jina lake. Jumamosi iliyopita nilimwona akitoka na karatasi ya namba ya pikipiki aliyoipata kwa askari, akielekea steji za upande ule. Kesi yake itasikizwa mwezi ujao, na barua yangu ameiweka pamoja na karatasi zake za mahakamani.